Kitimoto Juu ya Chuma cha Mama Twalib

Apolonia alijua kuna jambo tangu akiwa getini, kwa sababu mumewe alikuwa anaimba.

Revelian hakuwa mtu wa kuimba. Tangu mwanzoni mwa mwaka, ile kampuni ya kutoa mizigo bandarini aliyoitumikia nusu ya umri wake ilipofungwa, hata kuongea alikuwa anaongea kwa kubania. Alishinda sebuleni na kaptula, simu mkononi, akiangalia video za watu wa mataifa ya mbali wakipika. Apolonia alikuwa anatoka asubuhi kwenda shuleni kufundisha hesabu, anamwacha kwenye kochi. Anarudi jioni, anamkuta kwenye kochi lile lile, ila upande wa pili. Kwa hiyo Jumamosi ile aliposikia sauti ya mumewe ikitoka jikoni, akiimba wimbo wa kwaya na kuukosea maneno, alisimama kidogo na mkoba wake wa madaftari begani. Hakujua afurahi au aogope.

Alipofika mlangoni mwa jikoni, akajua ni kuogopa.

Kaunta nzima ilikuwa nyekundu. Ukuta ulikuwa na matone mekundu mpaka juu ya swichi. Blenda yake, ile aliyoletewa na dada yake kutoka Mwanza, ilikuwa imejaa uji mzito wa rangi ya tofali. Vitambaa vyake vyeupe vya kufunikia vyakula vilikuwa vimefutiwa huo uji na kurundikwa kwenye sinki. Na katikati ya yote, ndani ya beseni la kufulia nguo, lilikuwa limekaa paja zima la nguruwe lililokatwa vipande vipana kama kandambili.

"Baba Clara," alisema, "hilo ni beseni la nguo."

"Nimeliosha."

"Na hii damu ukutani?"

"Siyo damu, ni zingefuri." Alimwonyesha mbegu nyekundu zilizobaki kwenye kikaratasi. "Kule Meksiko wanatumia hizi hizi. Nimezunguka Tegeta yote nimekosa, kumbe mti uko hapo kwa Mama Twalib. Amenichumia mwenyewe. Kesho nawapikia kina kaka tako."

Apolonia aliweka mkoba chini.

"Unawapikia nini?"

"Tako. Chakula cha Kimeksiko. Kitimoto kinalowekwa kwenye viungo, kinachomwa, kinakatwa vyembamba, kinafungwa kwenye kichapati kidogo na nanasi juu yake. Mtu mmoja anaweza kula matako hata sita."

"Revelian. Umemwambia nani mwingine hilo jina?"

"Mwenye bucha. Na yule dada wa genge."

Apolonia alifumba macho. Mwenye bucha ya nguruwe alikuwa baba wa mwanafunzi wake wa kidato cha tatu. Dada wa genge hakuwahi kusikia neno likalala kwake. Jumatatu shule nzima itakuwa inajua kwamba mume wa Madam Apolonia anapika matako.

Lakini hilo halikuwa lililomuumiza kichwa zaidi. Kesho yake, Jumapili, kaka mkubwa wa Revelian, Leonardi, alikuwa anakuja kula mchana pamoja na mkewe Demetria, kutoka Kibamba. Leonardi alikuwa mkuu wa shule mstaafu, na bado aliongea na kila mtu kama amemkuta nje ya darasa. Tangu mdogo wake akose kazi, kila alipokuja aliuliza swali moja: umefikia wapi? Kisha alisikiliza jibu huku akitazama dari. Apolonia alikuwa amejipanga. Ndizi za Bukoba alikuwa nazo stoo, sato wawili walikuwa kwenye friji, na maharage alikuwa ameshayachambua. Chakula cha nyumbani, chakula ambacho hakina maswali. Leonardi angekula, angeshiba, angeondoka.

"Sato je?" aliuliza.

"Sato hawaendi popote. Wamekufa."

"Na hilo nanasi umelitia la nini kwenye nyama?"

"Linalainisha. Nimesaga zima."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu saa sita. Linalala humo mpaka kesho. Yule wa kwenye video alisema saa chache zinatosha, lakini mie nimeona nyama ya kwetu ngumu."

Alitaka kumwambia mengi. Alitaka kumwambia kwamba amesahihisha mitihani tangu asubuhi, kwamba mgongo unamuuma, kwamba mwanamume mwenye miaka hamsini na mbili hawezi kugeuza jiko la watu kuwa machinjio halafu akasimama hapo anang'aa. Lakini kweli alikuwa anang'aa. Alikuwa amenyoa ndevu. Alikuwa amevaa shati. Apolonia akachukua vitambaa vyake kwenye sinki, akavilowesha kwenye ndoo, na rangi haikutoka.

*

Jumapili Apolonia alikwenda misa ya kwanza peke yake. Revelian alisema atakwenda ya pili. Aliposhuka kwenye bodaboda saa nne asubuhi akaona moshi unapanda nyuma ya nyumba, na akajua ya pili pia imeshampita.

Aliingia kwa mlango wa nyuma. Uani mumewe alikuwa amechimbia nondo kwenye ndoo ya mchanga, akaizungushia majiko mawili ya mkaa, na kwenye hiyo nondo alikuwa amechoma vipande vya nyama kimoja juu ya kingine mpaka vikawa kama kichuguu. Ilivyoonekana, kichuguu hicho kilisimama kwa muda, kisha kikaanguka. Nanasi lilikuwa limefanya kazi yake usiku kucha. Nyama ilikuwa imelegea mpaka haishikiki, imemeguka kutoka kwenye nondo kwa uzito wake yenyewe, nusu imeingia mchangani na nusu majivuni. Revelian alikuwa amechuchumaa, jasho linamtoka, anaokoa iliyookoleka.

Kando yake kulikuwa na sinia la vichapati vya unga wa sembe, vyote vimepasuka kama udongo wa kiangazi. Sinia la pili lilikuwa na vya ngano. Hivi vilikuwa vimetoka vizuri, laini, vina madoa ya kahawia.

"Sembe imegoma," alisema bila kugeuka. "Wale wenzetu mahindi yao wanayachemsha na chokaa kwanza ndiyo wanasaga. Nimechanganya ngano. Na nyama imelainika kidogo, lakini usijali, naikaanga tu, inakauka vizuri. Sikiliza inavyolia."

Apolonia alisikiliza. Ilikuwa inalia kweli, tena inanukia: pilipili kavu, saumu, binzari nyembamba, sukari ya nanasi inayoungua kingoni. Alikuwa hajanywa hata chai, na mate yalimjaa mdomoni. Alisogea aone. Ndipo alipoona nyama imewekwa juu ya nini.

Ilikuwa imewekwa juu ya chuma cha chapati. Chuma kipana, kizito, cheusi tii, chenye mpini mfupi uliofungwa waya. Apolonia alikifahamu chuma kile kama anavyofahamu sufuria zake mwenyewe, kwa sababu kwa miaka kumi na moja alikuwa amekula chapati zake. Kilikuwa cha Rukaiya, mama yake Twalib, jirani wa uzio mmoja. Alipewa na mama yake siku alipoolewa, akaja nacho kutoka Bagamoyo, na mama yake naye alikuwa amekirithi.

"Hicho chuma umekitoa wapi?"

"Kwa Mama Twalib. Nimekiazima asubuhi, kikaango chetu kinabanduka. Akaniambia nisikioshe kwa sabuni."

"Ulimwambia ni cha nini?"

"Chapati."

"Na sasa umekiwekea nini?"

Revelian aliitazama nyama, akamtazama mkewe, na Apolonia aliona jambo lenyewe likimwingia kichwani polepole, kama maji yanavyoingia kwenye nguo.

"Nyama iliangukia mchangani," alisema. "Ilikuwa haraka. Nilikuwa nimemaliza chapati, chuma kina moto…"

"Revelian, ni nguruwe."

"Najua ni nguruwe."

"Ni chuma cha Mama Twalib."

"Mama Clara, sikufikiri."

Na hilo ndilo lililomchosha Apolonia kuliko yote, kwamba alikuwa anasema kweli. Hakufikiri. Angekuwa amekusudia, Apolonia angekuwa na cha kumshika nacho. Mtu huyu alikuwa amefikiri juu ya chokaa ya mahindi ya Meksiko, amefikiri juu ya nondo na mbegu nyekundu, lakini jirani aliyeko hatua chache kutoka pale alipochuchumaa hakuwa amemfikiri hata kidogo. Rukaiya ndiye aliyekuwa akimpokea Clara akitoka shule miaka ile wao wote wawili wako kazini, akimlisha, akimkagua madaftari. Kila Krismasi kuku wa nyumba hii walichinjwa na Twalib, mtoto wa Rukaiya, ili sahani iweze kuvuka uzio na mtu aile bila wasiwasi. Hakuna aliyewahi kukaa chini kulipanga hilo. Lilikuwa linafanyika tu, mwaka hata mwaka.

"Epua," alisema.

"Naepua. Halafu nitakisugua. Nitakisugua vizuri na stilwaya, nitakipaka mafuta, nitakirudisha kama kilivyokuwa."

"Halafu?"

"Halafu basi. Atajuaje?"

Apolonia hakupaza sauti. Alikuwa na sauti ya kunyamazisha wanafunzi themanini, lakini ile hakuitoa. Alisema kwa taratibu, "Rudia hilo neno."

Wakati huo huo honi ikalia getini, mara mbili, kwa kishindo, kama ya mtu anayegonga kengele ya mstarini. Kina Leonardi walikuwa wamefika mapema.

*

Chakula kilikwenda kama Apolonia alivyohofia, na kwa namna nyingine hakikwenda hivyo.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Nyumba yenu inanuka moshi." Leonardi aliketi kwenye kiti cha mwenye nyumba, akafunua sahani, akatazama. "Hiki nini?"

"Tako," alisema Revelian.

Demetria, ambaye alikuwa mwanamke mnene mcheshi asiyeficha kitu usoni, alikohoa maji aliyokuwa anakunywa. Leonardi hakucheka.

"Umeacha kazi ya bandari ili upike vitu vyenye majina haya?"

"Sikuiacha, kaka. Ilifungwa."

"Najua ilifungwa. Umefikia wapi?"

Revelian alianza kueleza barua alizopeleka, ofisi alizozunguka. Leonardi akaangalia dari. Apolonia, aliyekuwa na hasira na mumewe, akajikuta anasema, "Shemeji, kula kwanza, kinapoa. Amekesha anakiandaa." Kisha akajikasirikia kwa kumtetea. Kwa nini amtetee? Mtu ameharibu jiko, ameharibu nyama, ameharibu chuma cha watu, na bado yeye ndiye aliyekuwa anamwekea mto wa kuangukia.

Leonardi alikunja kichapati, akatia mdomoni. Alitafuna muda mrefu. Apolonia alimtazama kama anavyotazama mtihani wa mwanafunzi anayemwonea huruma.

"Waitu," alisema Leonardi hatimaye, Kihaya cha kustaajabu kikamtoka, na akachukua cha pili.

Kilikuwa kitamu. Hilo Apolonia alilazimika kulikiri, na lilimuudhi vilevile. Ile nyama iliyolegea ilikuwa imekaangika ikawa na ngozi nyembamba ya kuvunjika, ndani laini, pilipili inakuja nyuma taratibu, nanasi linaikata. Demetria alikuwa ameshakula vinne na alikuwa anauliza kama hii inaweza kupikwa kwa watu hamsini, maana kikundi chao cha akina mama wana sherehe. Revelian alijibu, lakini hakung'aa tena. Alikuwa hali. Alikuwa anageuzageuza kipande cha nanasi kwenye sahani, na kila mara macho yake yalikwenda dirishani, upande wa uzio.

Apolonia naye alikula viwili. Alijiambia kwamba hawezi kuacha wageni mezani. Alijiambia kwamba wakishamaliza tu atakwenda.

Demetria ndiye aliyelifungua bila kujua. Alibeba vyombo kwenda kuosha, akarudi mlangoni ameshika chuma mkono mmoja na sponji la sabuni mkono wa pili. "Hiki nacho nakisugua? Kina mafuta haya."

"Hapana," walisema Apolonia na Revelian kwa pamoja.

Ikabidi waeleze. Apolonia alieleza kwa maneno machache, chuma ni cha nani, kimetumika kwa nini. Demetria alikiweka chini polepole juu ya gazeti. Leonardi alijifuta mdomo.

"Sasa hilo nalo ni jambo la kukunja nyuso? Ni chuma tu. Sugueni, mrudishieni. Atajuaje?"

Apolonia alimwona mumewe akimtazama kaka yake, akiyatazama yale maneno yakitoka kwenye mdomo mwingine, wenye mafuta ya nguruwe bado pembeni. Uso wa Revelian ulibadilika. Alisukuma kiti, akasimama.

"Kaka, utatusamehe. Nina neno na jirani."

"Sasa hivi? Mna wageni."

"Ndiyo, sasa hivi."

Alikunja gazeti kukizunguka chuma, akakipakata kwa mikono miwili, akatoka. Apolonia akavaa kandambili akamfuata, na Leonardi akabaki anaangalia dari bila mtu wa kumsikiliza.

*

Rukaiya alikuwa barazani kwake anachambua mchele kwenye ungo. Mumewe Nassibu alikuwa safarini na lori lake, njia ya Tunduma. Twalib alikuwa amekwenda mpirani. Alipowaona wanaingia wawili alitabasamu.

"Karibuni. Chapati zilitoka? Nilisikia watu wanacheka huko."

Revelian alibaki amesimama chini ya ngazi. Apolonia alijizuia kumsemea. Ilikuwa kazi kubwa, kubwa kuliko kusahihisha mitihani ya wiki, kusimama pale na kumwacha mwanamume yule atafute maneno yake mwenyewe.

"Mama Twalib," alisema, "nimekukosea. Chuma chako nimekikaangia kitimoto."

Mikono ya Rukaiya ilisimama juu ya mchele.

"Nilianza na chapati kweli. Halafu nyama ilianguka, nikaitia humo. Sikufikiri. Ni kosa langu mwenyewe, Mama Clara alikuwa kanisani."

Rukaiya aliweka ungo pembeni. Alikitazama kile kifurushi cha gazeti, hakunyoosha mkono.

"Na zingefuri jana?"

"Ilikuwa ya nyama hiyo hiyo."

"Nilikuuliza. Nilikuuliza unapika nini, ukacheka, ukasema mapishi ya Kizungu."

"Ni kweli."

"Baba Clara, ungeniambia ni ya kitimoto, zingefuri ningekupa. Mbegu ni mbegu, mti umejiotea. Chuma nisingekupa. Ungesema haya, ungekwenda kutafuta kingine, na mie nisingekuona mbaya wala wewe usingeniona mbaya. Sie si tumeishi hivyo siku zote? Kila mmoja anajua cha mwenzake." Sauti yake haikupanda. "Hiki, hata alipokuja kukaa kwangu, alikishika mama yangu mpaka wiki aliyokufa."

Revelian alikuwa anaangalia vidole vyake vya miguu. Apolonia aliona ni zamu yake.

"Mama Twalib, tunakuomba radhi. Tutakununulia kingine, na hiki…"

"Mama Clara, wewe ulijua saa ngapi?"

Apolonia hakulitegemea swali hilo. "Niliporudi kanisani."

"Misa ya kwanza."

"Ndiyo."

Rukaiya alitazama juani, kivuli cha mpapai wake kilikofika. Adhana ya adhuhuri ilikuwa imeshaanza msikitini.

"Mkala kwanza," alisema.

Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu anayesoma kilichoandikwa. Siku mbili nzima Apolonia alikuwa amebeba hasira kwa mumewe, amejihesabia haki kila alipogeuka, na ndani ya maneno mawili mwanamke huyu alikuwa amemsimamisha pale pale aliposimama Revelian, chini ya ngazi. Vile vichapati viwili vilikuwa bado vimemkaa tumboni.

"Ndiyo," alisema. "Tulikula kwanza. Nilisema kuna wageni."

"Haya."

Rukaiya alishuka ngazi, akaenda mpaka bombani kando ya nyumba, akafungua maji, akachukua kopo la bati akalijaza udongo safi kutoka chini ya mpapai. Akaliweka sakafuni.

"Dini imeweka njia yake," alimwambia Revelian. "Kinaoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Kikioshwa kimetakata, hakuna mjadala. Anza wewe. Ulichokifanya kwa mikono yako, kianze kutoka kwa mikono yako."

Revelian alikunja suruali yake ya kutokea, ile aliyoivaa kwa ajili ya wageni, akachuchumaa kwenye maji. Alitia udongo, akasugua kwa kiganja. Tope jeusi lenye mafuta likamwagika kwenye saruji. Alisuuza, akaanza upya. Rukaiya alisimama amefunga mikono kifuani, akitazama, midomo ikihesabu. Apolonia alisimama nyuma yake na hakuwa na la kufanya. Hakuambiwa akae, hakuambiwa aondoke. Hakukumbuka lini mara ya mwisho alisimama hivyo, mtu mzima, anasubiri.

Ilipokwisha, rangi ya chuma ilikuwa imekufa. Ule weusi wa kung'aa uliolowekwa na mafuta ya miaka yote ulikuwa umetoka, kimebaki kijivu, kinaonekana kama kitu kilichookotwa. Rukaiya alikichukua, akakigeuza huku na huku, akakiegemeza ukutani juani.

"Kitakuwa safi," alisema. "Mie mwenyewe bado. Nyie nendeni, wageni wenu wanangoja."

Kwenye uzio Revelian alisimama, viganja vyake vina tope mpaka vifundoni.

"Nilitaka siku moja tu," alisema. "Siku moja kaka aje anikute nafanya kitu."

Apolonia alikuwa na majibu mengi, yote makali, yote ya haki. Alipoyatafuta akakuta amechoka kuyabeba.

"Amekula saba," alisema. "Nimemhesabu. Nenda kanawe."

*

Rukaiya hakukatia mtu salamu. Ukimsalimia, aliitika. Ila zamani salamu yake ilikuwa na mkia mrefu, habari ya Clara, habari ya mgongo, umeona bei ya nyanya, na sasa ilikatika mahali pale pale ilipoanzia. Asubuhi Apolonia alisikia unga ukipigwa upande wa pili, akasubiri harufu ya chapati, ikaja harufu ya maandazi. Alimpelekea ndizi za Bukoba. Zilipokelewa, sahani ikarudi imeoshwa, tupu. Apolonia aliishika sahani ile muda mrefu. Kwa miaka yote sahani haikuwahi kurudi tupu.

Nyumbani kwake nako hakukuwa na nafuu. Demetria alikuwa amepiga simu kutoka Kibamba. Akina mama wake wanataka kile chakula, watu hamsini, ila wamekubaliana kukiita kwa jina lingine. Revelian akanunua beseni lake mwenyewe na chuma chake mwenyewe, kipya, akakaa nacho uani kutwa akikipaka mafuta na kukichoma, kukipaka na kukichoma, moshi ukiingia kwenye nguo zilizoanikwa. Nanasi safari hii aliliweka muda mfupi. Kabla ya kununua nyama alivuka uzio kumwambia Rukaiya, bila kuulizwa, kwamba Jumamosi atachoma kitimoto uani na upepo huenda ukaelekea kwake; je, amefua? Rukaiya alimjibu kwamba Jumamosi hafui. Apolonia alilisikia hilo akiwa jikoni, akisugua ukuta kwa mara ya tatu. Matone ya zingefuri yalikuwa bado yapo, mekundu kama siku ya kwanza.

Kisha maji yakakatika mtaani kwao, Boko nzima. Siku ya pili kila mtu alikuwa anazunguka na madumu. Nyumba ya kina Apolonia ilikuwa na tangi kubwa, kumbukumbu ya siku ambazo mshahara wa bandari ulikuwa unaingia. Jioni Rukaiya alikuja kwenye uzio, ameshika ndoo mbili.

"Mama Clara, tangi lenu lina kitu?"

"Limejaa. Lete mapipa, tuvute mpira."

Revelian alitoka bila kuitwa. Alifunga mpira kwenye koki, akaupitisha juu ya uzio, akavuka nao mpaka uani kwa Rukaiya kuushikilia. Maji yalikuja kwa nguvu, yakampiga miguuni, yakamlowanisha kaptula yote.

"Baba Clara, unajimwagia," alisema Rukaiya.

"Naona."

"Basi sogea. Pipa liko huku."

Apolonia alibaki upande wake, ameshika koki, akisikiliza pipa likianza kujaa. Rukaiya alikuja akaegemea uzio kwa ndani, anajipepea na upande wa kanga.

"Clara anafunga chuo lini?" aliuliza.

"Mwisho wa mwezi."

"Amenenepa au bado yuko vile vile?"

"Yuko vile vile. Anasema chakula cha Dodoma hakimshiki."

"Atashikwa na nini, hali huyo. Tangu mdogo alikuwa hali." Rukaiya aligeuka kuangalia pipa, akamwambia Revelian asimwagie maua yake, kisha akarudi. "Na mgongo wako?"

Apolonia akaanza kumweleza habari ya mgongo.